Sikudhani na Maji ya Langoni

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo? Mmeshiba mno, au hamjala? Paukwa, nimesema!

— Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji. Jina lake silijui. Wenyewe walikiita Kwetu, wakaona yatosha.

Kijiji kilikuwa na mto upande mmoja, na ua mrefu wa miiba pande zilizobaki. Katika ua palikuwa na lango. Langoni palikuwa na mtungi. Mtungini mlikuwa na maji.

Mgeni akija kuhamia, hakuulizwa kama ana njaa. Alipewa kibuyu cha maji ya mtungi ule, asukutue. Khu-khu-khu-khu! Kisha ageuke nje ya ua, ateme. Puu!

"Umeitema lugha uliyokuja nayo," aliambiwa. "Sasa ingia ujifunze kusema."

Kana kwamba alikuja akibweka.

Watu wa Kwetu waliyapenda sana maji yale. Kila mwaka baada ya mavuno walifanya sikukuu. Mkuu wa kijiji, Jumbe Magoma, alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akapaza sauti:

"Sisi ni wamoja?"

"Wamoja!"

"Ulimi wetu?"

"Mmoja!"

"Tulitoka wapi?"

"Hapa hapa!"

Hapa hapa, kama uyoga. Wakacheza ngoma, ndi-ndi, ndi-ndi. Wakanywa pombe ya mtama. Kesho yake wakaamka kugombania mipaka ya mashamba, kwa ulimi ule ule mmoja.

Tena walikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo kubwa. Mtu akifa, kabla ya udongo kumwagwa, huitwa. Mara tatu. Na anayemwita si yeyote tu aliyesimama karibu. Ni yule aliyekuwa akimwamsha asubuhi: mama, au mume, au dada. Humwita vile vile alivyokuwa akimwamsha. Maneno yale yale, sauti ile ile. Kwa sababu, walisema, mtu aliyezama katika usingizi mzito humsikia yule tu aliyezoea kumwamsha. Asipoitika mara tatu, basi, amekwenda. Udongo unaanza. Pwata, pwata, pwata.

Na asiyeitwa, je? Asiyeitwa, walisema, hajui kwamba amekufa. Huzungukazunguka pembezoni mwa mashamba, akingoja kukuche.

Haya. Mwaka mmoja wa ukame walifika langoni watu wawili, mume na mke. Mume aliitwa Sorwa. Mke aliitwa Nadihe. Walitoka ng'ambo ya milima, mahali ambapo mito ilikuwa imekauka na watu wao wameondoka, kila mmoja kwa njia yake, bila kuagana vizuri. Wengine walikufa njiani. Wengine hawakuonekana tena.

Mlinzi wa lango alikuwa Mkadara, ambaye pia ndiye mpiga mbiu wa kijiji. Mtu wa kifua kipana, na sauti pana kuliko kifua. Akamnyooshea mwanamke kidole.

"Nadihe," akasema yule mwanamke, akijigusa.

"Nani?"

"Nadihe."

"Refu mno," akasema Mkadara, ingawa lake mwenyewe halikuwa fupi. "Wewe utaitwa Faraja. Na huyu ataitwa Heri."

Faraja ya nani, hakusema.

Wakapewa kibuyu. Khu-khu-khu! Wakatema. Puu! Wakaingia.

Hawakumaliza hata msimu mmoja, Sorwa akashikwa na homa. Homa ikamshinda. Shimo likachimbwa, watu wakakusanyika, na Faraja akasimama ukingoni ili amwite mumewe. Desturi ameielewa, haikuhitaji maneno mengi kuielewa. Akainama, akasema kwa sauti ya asubuhi, ile ya mtu ambaye naye hajaosha uso:

"Sorwa. Tiro we, Sorwa."

Kwa lugha ya kwao, hiyo ni kusema: kumekucha, njoo nje.

"Simama!" Mkadara akanguruma.

Jumbe Magoma akainua mkono. Nataka mjue kwamba Jumbe Magoma hakuwa mtu mbaya. Hadithi za watu wabaya ni rahisi; mtoto yeyote anaweza kuzisimulia. Magoma alikuwa mtu wa utaratibu.

"Mama," alisema kwa upole, "hapa tunaitana kwa lugha yetu. Mwite kwa lugha yetu."

Faraja wakati huo alijua maneno machache ya Kwetu. Maji. Jembe. Asante. Samahani. Kwa maneno hayo humwamshi mtu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafungua mdomo, akaufunga.

Wakamletea kibuyu, pale pale penye shimo. Akasukutua machozi na vumbi pamoja. Na alipokuwa ameinama akitema, Mkadara akajitolea kumsaidia. Akatanua kifua:

"Heri! Amka! Heri! Amka! Heri!"

Alimwita kwa jina ambalo marehemu hakuwahi hata kuota akiitwa. Marehemu hakuitika. Pwata, pwata, pwata.

Tangu siku ile Faraja akakaa peke yake kwenye kibanda karibu na mto. Mtoto hakuwa naye. Akaanza kujifunza lugha ya Kwetu kama mtu anayechimba kisima: kimya kimya, na kila siku. Akajifunza majina ya magugu yote. Akajifunza kubembeleza bei. Akajifunza matusi, ayatambue akitukanwa. Miaka ikapita, mvi zikaja, na wanawake kisimani wakawa wanamwambia:

"Faraja wewe! Mtu asingejua kwamba si wa hapa!"

Naye alitabasamu. Sifa hiyo alipewa mara nyingi, na kila alipopewa alikumbushwa.

Nyumbani alipika kimya. Alifagia kimya. Akijigonga kidole cha mguu, aling'ata midomo, kwa sababu kilio kilichofika kwanza mdomoni hakikuwa cha Kwetu. Safari moja alisahau, akakikaripia chungu kilichofurika, kwa lugha ya kwao. Jirani akasikia. Jirani akasema. Kibuyu kikaja. Khu-khu-khu, puu! Tangu hapo hata chungu hakukisemesha tena.

Sasa, kijijini humo alikuwamo mzee mmoja, Bibi Sikudhani. Ndiye ninayemkumbuka leo. Msimpambe kichwani mwenu. Alikuwa mfupi, mbishi, mchoyo wa ugoro wake. Alizaliwa Kwetu, akaolewa Kwetu, akafiwa Kwetu. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka: mikeka ya kulalia, mikeka ya kuanikia mtama, na ile mipana ya kuzikia. Alikuwa na tabia moja tu ya ajabu. Akiuliza swali, alinyamaza akangoja jibu. Hesabuni mnaowajua wa namna hiyo, vidole vitabaki.

Faraja alikuwa akimletea miyaa, yale majani ya mkindu yanayochanwa kwa kusukia, kutoka kando ya mto. Siku moja alipofika, mvua ikamkamata. Cha-cha-cha-cha! Akakaa kibarazani kwa Bibi Sikudhani, akawa anamsaidia kuchana.

"Shoga," akasema Bibi Sikudhani, "ukiota, watu wa ndotoni husema lugha gani?"

Faraja akacheka kidogo. "Maswali gani hayo, Bibi?"

Bibi Sikudhani akanyamaza. Vidole vyake vikaendelea kusuka. Cha-cha-cha, mvua.

"Zamani walisema ya kule nilikotoka," Faraja akasema mwishoni. "Siku hizi hawasemi. Wanafungua midomo tu."

"Na unaogopa nini?"

"Nani kakwambia naogopa?"

"Mimi nasuka mikeka ya maiti, mwenzangu. Nawajua watu wanavyoitazama. Jumbe huupima mkeka kwa macho kama utamtosha. Mkadara huugonga kwa kiganja. Wewe ukifika hapa unaupa mgongo."

Faraja akaliweka chini jani alilokuwa amelishika.

"Nani ataniita, Bibi?"

Bibi Sikudhani akangoja.

"Maisha yangu nimeamshwa kwa lugha moja. Mama aliniamsha kwayo, akafuata Sorwa. Tangu Sorwa afe naamka mwenyewe. Siku nikifa, Mkadara atasimama juu ya shimo apige kelele: Faraja, amka! Mimi huko chini nitadhani anamwita jirani."

Walicheka wote wawili, maana ilikuwa kweli. Kisha Faraja akaacha kucheka.

"Sorwa hakuitwa. Alipigiwa kelele. Kila jioni nikitoka shambani natazama nyuma, nione kama bado anangoja pale pembeni. Sitaki kuungana naye pale, Bibi. Nataka kwenda."

Bibi Sikudhani alivuta ugoro, akapiga chafya, chyaa! Akafuta pua.

"Nifundishe," akasema.

"Nini?"

"Kukuamsha."

"Watakupeleka langoni."

"Ukili wa mkeka nitausuka hata langoni."

"Tena yale maneno mawili ya kuamshia pekee hayafai. Ukiyasema bila kuijua lugha, nitamsikia kasuku. Mtu haamshwi na kasuku."

"Basi nifundishe yote."

"Bibi, una meno mangapi yaliyobaki?"

"Ya kutosha. Anza."

Ndivyo walivyoanza. Kila alasiri, kibarazani, chini kwa chini. Faraja anachana, Sikudhani anasuka. Anachana, anasuka. Maji huitwaje? Moto huitwaje? Nipe, chukua, njoo, ondoka, huitwaje?

Msidhani alikuwa mwepesi. Kichwa chake kilikuwa kigumu kama kisiki, na ulimi ulikuwa na mazoea yake ya miaka mingi. Siku moja alijikaza akatunga sentensi ndefu, ya kwanza, kwa fahari kubwa. Faraja akaanguka kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Nimesema nini?"

"Umesema mkwe wako amechemka vizuri, na mbuzi anakusalimu."

"Ala! Umemwona mkwe wangu? Si uongo sana huo."

Wakaendelea. Lakini Bibi Sikudhani, aliyezoea kuwashinda wanaume kwa maneno, aliona jambo jipya. Kwa lugha ile hakuweza kubisha. Hakuweza kutania. Alitaka kusema jambo la mtu mzima, likatoka la mtoto anayeomba uji. Akachukia, akautupa ukili.

"Kwa lugha yako mimi ni mjinga!"

"Ndiyo, Bibi," akasema Faraja. "Karibu."

Bibi Sikudhani akaguna. Kisha akauokota ukili.

Siku zikaenda. Ulimi ukalainika. Alasiri moja Bibi Sikudhani alilalamika, kwa lugha ya Faraja, kwamba miyaa imechanwa vibaya, minene huku, myembamba huku, kama imechanwa na kuku. Faraja akamjibu hapo hapo, kwa ukali, kwamba anayeona vibaya si miyaa bali macho yake. Bibi akarudisha. Faraja akarudisha. Wakagombana vizuri kabisa, mpaka mate yakaruka. Halafu Faraja akaanza kulia.

"Nimekuumiza?" akauliza Bibi Sikudhani.

"Hapana. Ni kwamba sijagombana na mtu tangu Sorwa afe. Kwa lugha yenu mimi nina adabu sana."

Lakini ugomvi una sauti, na sauti ina jirani. Kesho yake Mkadara akafika na kifua chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua mkeka?"

"Nimekuja kukuita langoni."

Kijiji chote kilikusanyika. Hawakuwa wamewahi kuona mzaliwa wa Kwetu akilazimishwa kusukutua. Jumbe Magoma mwenyewe alikuwapo, na alikuwa na haya, maana Bibi Sikudhani alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Bibi, wewe ni wa hapa hapa. Umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na lugha."

"Sisi tuna moja. Hiyo ndiyo nguvu yetu."

"Hiyo ninayo. Sikuitupa ili nipate pa kuiweka nyingine. Kumbe pako pa kutosha, Magoma. Mimi nilidhani kichwa changu ni kidogo."

Watu wakaguna. Mkadara akajaza kibuyu, akampa. Bibi Sikudhani akajaza mdomo. Mashavu yakavimba. Watu wakangoja. Kijiji kizima kikasogea nyuma kidogo, kumpisha ateme.

Glu!

"Umefanya nini?" akauliza Jumbe.

"Nimekunywa. Jua kali."

"Hayanywewi hayo!"

"Kwa nini? Mmetia nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Mkadara akajaza tena. Bibi akapokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Glu!

"Tema, Bibi!"

"Mwanangu, niteme maji safi, na jua lote hili? Nijazie tena. Mkono wako una baraka."

Glu! Glu! Jumbe Magoma akajifuta uso kwa kiganja.

"Nenda nyumbani, Bibi Sikudhani."

"Nitakwenda. Tena niende haraka, maana nimejaa."

Mnacheka. Hata wao walicheka, siku ile. Lakini kicheko kilikwisha, na kilichofuata hakikuchekesha. Hawakumfukuza, kijiji kama kile hakimfukuzi mtu. Walimsalimia, wakapita. Waliohitaji mikeka wakakumbuka kwamba iliyoko nyumbani bado mizima. Mkwe wake akawa hana nafasi. Kisimani alipofika, mazungumzo yalipungua kama mwali wa taa iliyoishiwa mafuta. Bibi Sikudhani alizaliwa pale, na sasa, kwa mara ya kwanza, alijua jinsi njia ya kisimani ilivyo ndefu.

Hakumwambia Faraja. Faraja alijua.

Mwaka uliofuata, Faraja akaugua. Kifua. Akawa hawezi kutoka kitandani. Bibi Sikudhani akabeba ukili wake, akahamia kule karibu na mto. Kila asubuhi alifungua mlango, akainama, akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajaosha uso:

"Nadihe. Tiro we, Nadihe."

Na kitandani sauti ikaitika, siku nyingine kwa nguvu, siku nyingine kama uzi:

"Dani."

Yaani: nipo.

Asubuhi moja Bibi Sikudhani alifungua mlango, akainama, akaita. Hakusikia kitu. Akakaa kitako kando ya kitanda. Akakaa mpaka jua likafika miguuni. Kisha akainuka, akaenda kuwaambia watu, akarudi akachukua mkeka mpana kuliko yote aliyowahi kusuka.

Shimo likachimbwa. Watu wakaja, kwa maziko Kwetu walikuja, hilo nawapa. Mkadara akatanua kifua, tayari.

"Wewe kaa," akasema Bibi Sikudhani. "Jumbe, desturi yetu inasema nani amwite?"

"Aliyekuwa akimwamsha."

"Nani alikuwa akimwamsha?"

Watu wakatazamana. Wote walijua.

"Wewe, Bibi," akasema Jumbe Magoma.

"Kwa maneno gani huitwa?"

"Yale yale." Akaona anakopelekwa, akasita. "Lakini kwa lugha yetu, Bibi. Sheria ni sheria. Tukiruhusu leo hii moja, kesho kila mtu atazikwa kwa yake, na sisi hatutakuwa wamoja tena."

Msimcheke. Aliogopa kweli. Aliona kijiji chake kikimomonyoka kama ukingo wa mto.

"Magoma," akasema Bibi Sikudhani, na sauti yake haikuwa ya ubishi. "Mama yako aliletwa kuolewa kutoka ng'ambo ya mto. Alisukutua pale langoni; mimi nilikuwa msichana, nilimwona. Akatema. Akajifunza. Akasema lugha yetu mpaka siku ya mwisho, mbele za watu. Nyumba yetu na yenu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, Magoma. Alfajiri alikuwa akikuamsha. Alikuamsha vipi?"



Bibi Sikudhani akangoja. Watu wakangoja. Upepo ukapita katika mtama, shaaa. Jumbe aliangalia shimo, akaangalia vidole vyake vya miguu. Uso wa mtu mzima ukawa mdogo. Midomo yake ikatikisika, mara moja. Kama alisema neno, hakuna aliyelisikia.

"Nililisikia kila siku," akasema Bibi Sikudhani. "Ila sitalisema mimi. Si langu."

"Jumbe?" Mkadara akanong'ona. "Sheria?"

"Nyamaza kidogo, Mkadara. Watu wanaitana." Jumbe akarudi nyuma, akampisha. "Mwite, Bibi."

Bibi Sikudhani akapiga magoti, polepole, goti moja, goti la pili. Akainama juu ya shimo.

"Nadihe. Tiro we, Nadihe."

Shaaa, upepo.

"Nadihe. Tiro we."

Shaaa.

Mara ya tatu aliita kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayejua kwamba mwenzake amechoka na kwamba kazi ya leo inaweza kungoja.

Hakuitikiwa.

Alikaa pale kwa magoti kupita muda uliozoeleka, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema, kwa lugha ya Kwetu, "Amesikia. Amekwenda." Pwata, pwata, pwata.

Sasa msinidai mwisho mtamu. Baada ya mavuno Jumbe Magoma alipanda tena juu ya kinu. "Sisi ni wamoja?" Wamoja! "Ulimi wetu?" Mmoja! Alipofika "Tulitoka wapi?" alikohoa, akashuka, akaagiza ngoma ianze. Hilo tu. Mtungi ulibaki langoni. Ila Mkadara, akishampa mgeni kibuyu, alianza kuwa na jambo la kuangalia upande wa pili, asione kama mtu ametema au amemeza.

Na Bibi Sikudhani? Watu walirudi kununua mikeka. Mkwe alipata nafasi. Walimzunguka, wakamsemesha, naye akawajibu. Lakini mmeelewa kilichompata? Alibaki na lugha nzima kichwani, yenye matusi yake na mapishi yake na njia yake ya kumwambia mtu pole, na duniani kote, kwa alivyojua, hakuna mtu wa kumwambia. Wala haikuwa lugha ya mama yake, aseme ameirithi. Aliibeba kwa hiari. Uzito ukawa ule ule.

Jirani mmoja alimkuta akisema peke yake kibarazani.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Na asiyekuwapo."

"Sasa si bure?"

"Ni bure," akasema Bibi Sikudhani. "Nikinyamaza nayo itakufa, nami nitakuwa nimeiua."

Aliishi miaka mingi bado. Walimkumbuka kwa mikeka, na kwa ule mdomo wake uliojaa maji, maana watu hupenda kukumbuka kinachochekesha. Bibi yake bibi yangu alimkumbuka kwa jambo jingine. Alikuwa akipita kwake asubuhi akielekea shambani. Alisimulia kwamba, mawingu yakiwa yamekaa juu ya milima, Bibi Sikudhani alitoka nje, akatazama juu, akasema kwa lugha ile kwamba leo itanyesha. Kisha alinyamaza kidogo. Alinyamaza kwa muda ule hasa ambao mtu aliye ndani ya nyumba angehitaji ili ajibu, haya, nimesikia, ngoja nianue mtama.

Halafu akaanua mtama mwenyewe.

Haya, mafunzo, maana mtanidai. Kuwaambia watu wateme ni kazi rahisi, kibuyu kimoja chatosha kijiji kizima. Kazi ngumu ni kukubali kuwa mjinga katika lugha ya mwenzako, siku nyingi, mpaka muweze kugombana. Wengi wetu tunaona haya zaidi kwa ujinga huo kuliko kwa kumzika mtu kwa jina tulilombandika. Na anayeikubali kazi hiyo asitarajie kushangiliwa. Ataachiwa upweke aulee. Hata hivyo aifanye.

Hadithi nimeifikisha nilipoweza. Kuanzia hapo sina neno tena.